Magongo Chini ya Paa



Juma hili nina barua mkononi ya mzazi mmoja, mkulima, ambaye ameniomba nisitaje jina lake wala kijiji chake, nami nitamtii. Barua ni ya kurasa nne, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nitawapa maana yake kwa kifupi. Binti yake yuko shule ya bweni, kidato cha pili. Mwalimu mmoja amewafundisha wasichana mpira wa magongo, ule ambao wengi huuita hoki. Wakati wa masika, uwanja ukiwa tope tupu, mwalimu huyo husogeza meza za bwalo la chakula na kuwachezesha ndani. Sasa binti amechaguliwa pamoja na wenzake kwenda mjini kushindana na shule nyingine, siku tatu, na kulala huko huko. Karatasi ya ruhusa imeletwa nyumbani, yangoja sahihi ya baba.

Baba hajatia sahihi. Mama naye amekataa kwa sababu ya ule mpira mgumu na meno ya mtoto. Likizo iliyopita binti alitaka kuwatuliza, akawaonyesha katika simu ya mjomba wake picha za mashindano ya dunia ya mchezo huu wa ndani, yale yaliyochezwa Poreč, katika nchi ya Kroatia, mwezi wa Februari mwaka 2025. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba alisoma kwamba ni mashindano ya wanaume na wanawake, akaelewa kuwa huko wanaume na wanawake huchanganyika ndani ya nyumba moja na kugombea mpira kwa magongo. Aniuliza kama baba mwenye akili timamu aweza kumtoa mtoto wake kwa jambo kama hilo.

Baba, unisamehe, nimecheka kidogo. Sikukucheka wewe. Mimi mwenyewe nilipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza nilidhani vivyo hivyo. Basi nikuondolee wasiwasi huo kabla hatujaenda mbali. Wanaume hucheza na wanaume, na wanawake hucheza na wanawake. Ukumbi ndio mmoja, juma ni moja na sheria ni zile zile. Timu mbili za wasichana zikimaliza zamu yao, jasho hufutwa sakafuni, kisha huingia timu mbili za wanaume. Vikombe ni viwili, cha wanaume na cha wanawake. Ni kama katika makanisa yetu ya zamani, wanaume huketi upande huu na wanawake upande ule, na Misa ni moja.

Najua wengine wenu mwauliza, kwa nini mchezo wa uwanjani uingizwe nyumbani? Sababu ni baridi. Katika Ujerumani, nchi ya wale ambao babu zetu waliwaita Wadachi, toka Desemba hata Februari ardhi hugandishwa na baridi ikawa ngumu kama saruji. Siku nazo hufupika. Mjini Berlin mwezi wa Desemba jua hutua saa kumi ya alasiri. Mtu gani atacheza hapo? Basi katika miaka ya 1950 Wajerumani walianza kuingia na magongo yao katika kumbi za mazoezi, ili viungo visilale mpaka majani yachipue tena. Ulikuwa mchezo wa kungojea, kama sisi tunavyosuka mikeka wakati wa mvua. Lakini watu waliupenda. Ukapata sheria zake wenyewe. Mwaka 1974 wanaume wa mataifa ya Ulaya walishindana kwa mara ya kwanza, huko Berlin, na mwaka uliofuata wanawake nao wakashindana. Mwaka 2003 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia nzima mjini Leipzig, hapo hapo Ujerumani. Wenyeji wakachukua vikombe vyote viwili, wakaka na dada zao.

Tangu hapo mashindano hayo yamezunguka. Mwaka 2007 yalikuwa Vienna, mwaka 2011 Poznań katika Poland, mwaka 2015 Leipzig tena, mwaka 2018 Berlin. Mwaka 2022 yalikuwa yafanyike Liège katika Ubelgiji, lakini ugonjwa wa korona uliyafuta. Tena mwezi wa Februari mwaka 2023 yakaja katika bara letu, mjini Pretoria, Afrika Kusini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kufanyika nje ya Ulaya. Waholanzi walishinda huko kwa wanaume na kwa wanawake.

Sasa tuingie ukumbini wenyewe, maana bila kuona mchezo ulivyo hutaweza kuamua juu ya meno ya mtoto wako.

Mchezo wa nje wachezwa na watu 11 kila upande, katika uwanja wenye urefu wa zaidi ya mita 90. Huu wa ndani wachezwa na watu sita kila upande, pamoja na mlinda goli, katika sakafu isiyozidi mita 44 kwa 22. Timu ina watu 12, wale sita waliobaki huketi kando, nao huingia na kutoka wakati wowote bila kuhesabiwa. Wahitaji hivyo, kwa kuwa wanakimbia mno. Katika Pretoria walicheza robo nne za dakika kumi kumi. Dakika 40 zasikika kuwa chache, lakini jaribu wewe kukimbia umeinama dakika tano tu, kana kwamba wapalilia shamba kwa mbio, ndipo useme.

Pembeni, kwa urefu wote wa sakafu, hulazwa mbao zenye kimo cha sentimeta kumi. Mpira ukigonga ubao warudi mchezoni, hautoki nje. Mchezaji mwerevu huugongesha mpira ubaoni ukampita adui yake, naye akazunguka upande wa pili na kuupokea tena. Huwezi kufanya hivyo kwa nguvu. Wafanana na mcheza bao anayehesabu kete zitakakoishia kabla hajainua hata moja.

Na hapa, mama wa binti, nakuomba usogee karibu usikie. Ndani ya ukumbi ni marufuku kuupiga mpira. Katika mchezo wa nje mtu huinua gongo lake na kuupiga, mpira ukaenda kama risasi. Ndani hairuhusiwi kabisa. Mpira husukumwa tu, gongo likiwa limegusana nao, kama mtu afagiavyo. Tena mpira hauruhusiwi kuinuka kutoka sakafuni, isipokuwa mchezaji anapolenga goli. Wala goli halihesabiwi mshambuliaji asipougusa mpira ndani ya duara lililochorwa mbele ya goli, lenye mita tisa. Atakayeinua mpira katikati ya uwanja ameharibu, na refa humpa adui yake mpira.

Sitakudanganya, mama. Mpira wenyewe una ukubwa wa chungwa, uzito wake ni kama gramu 160, nao ni mgumu kama nazi iliyofuliwa. Ukimpata mtu ugokoni bila kinga, ataukumbuka. Wanapolenga goli mpira huweza kuinuka, na hapo ndipo hatari ya uso ilipo. Kwa hiyo mlinda goli huvaa kofia yenye wavu wa chuma, na kifua, miguu na mikono yake hukingwa, hata aonekana kama godoro lililosimamishwa. Kukiwa na adhabu ya pembeni, wanaomsaidia kulinda huvaa vinyago vya uso. Wachezaji wengine wahitaji kinga za ugoko, na kinga ya meno ya kuuma mdomoni. Wengi huvaa glavu mkono wa kushoto pia, maana mkono huo hukaribia sakafu na vidole huumia kabla ya meno. Nisingemruhusu mtoto wangu kucheza bila vitu hivyo, ndani wala nje. Hapo mimi na wewe tu kitu kimoja.

Refa wa mchezo huu ana kadi tatu, si mbili kama katika kandanda. Kadi ya kijani humtoa mchezaji dakika moja, ya manjano humtoa dakika mbili au zaidi, nyekundu humtoa moja kwa moja. Mnapokuwa sita tu, kumpoteza mmoja hata kwa dakika moja ni msiba. Ndiyo maana wachezaji wa ndani hujifunza upesi kuushika ulimi wao. Wako baadhi ya vijana wa kandanda pale parokiani kwetu ningependa wachezeshwe chini ya sheria hii mwezi mzima.

Neno moja dogo kwa wenye watoto wa shoto. Magongo yote ya hoki ni ya mkono wa kulia. Upande wa kushoto wa gongo ndio ulio bapa, na huo peke yake ndio unaoruhusiwa kugusa mpira. Gongo la shoto halipo. Mtoto wa shoto hujifunza kama wengine, na kwa kuwa mkono wa kushoto ndio ulio juu na ndio unaoligeuza gongo, huenda asipate taabu kubwa.

Sasa, baba, nije kwako. Katika ukurasa wa tatu wa barua yako umeandika kwamba, hata wasipochanganyika, mchezo wa magongo ni wa wanaume, na kwamba wanawake wameuingia juzi tu. Nusu ya maneno hayo ni kweli, nami sitaki kukunyima nusu yako. Katika michezo ya Olimpiki wanaume walicheza hoki mwaka 1908, mjini London. Wanawake hawakuruhusiwa mpaka mwaka 1980, mjini Moscow. Hesabu mwenyewe, ni miaka 72. Si kwamba wanawake walikuwa hawachezi. Walicheza, tena wengi, katika Uingereza na katika nchi nyingi ambako Waingereza walifika, lakini mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Kombe la Dunia la uwanjani nalo lilianza kwa wanaume mwaka 1971, na wanawake wakapata lao mwaka 1974. Lakini lile la ndani ya ukumbi, ambalo ndilo binti yako alikuonyesha, liliwaweka wote pamoja toka siku ya kwanza. Nionavyo mimi hilo ndilo jambo la kutazama katika yale mashindano, kuliko hata nani alishinda. Hakuna aliyekuja mapema akakuta nyumba tupu, na mwingine akaja baadaye akapewa kibanda cha uani.

Nikiwa nimeitaja Moscow, acheni niwasimulie kisa chake, maana chatuhusu sisi Waafrika. Mwaka ule wa 1980 nchi nyingi zilikataa kwenda Moscow kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Mashindano ya hoki ya wanawake, yaliyokuwa ya kwanza kabisa, yakakaa karibu matupu. Wakatafutwa wa kujaza. Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru wake mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Ikaitwa kwa haraka, zikiwa zimebaki kama wiki tano tu. Wasichana waliokwenda wote walikuwa weupe, kwa jinsi mambo ya nchi ile yalivyokuwa zamani, nalo hilo tuliseme tusilifiche. Walikuwa watu wenye kazi zao, si wachezaji wa kulipwa. Hawakufungwa hata mara moja. Mchezo wa mwisho waliwafunga Austria magoli 4 kwa 1, wakarudi na dhahabu, dhahabu ya kwanza ya Zimbabwe. Yasimuliwa kwamba waliahidiwa ng'ombe dume kila mmoja, na walipofika nyumbani wakapewa nyama iliyofungwa katika pakiti. Nadhani wasomaji wangu wafugaji wataelewa jinsi walivyojisikia.

Timu zilikuwa sita. Ya mwisho ilikuwa Poland. Walicheza michezo mitano wakafungwa yote mitano, hawakupata hata pointi moja. Na msicheke, kwa sababu katika Moscow ile ile, kwa upande wa wanaume, timu ya mwisho ilikuwa Tanzania. India, ambao ndio walioshinda, walitufunga magoli 18 kwa 0. Kumi na manane! Wako wazee ambao hata leo hawapendi kuulizwa habari hizo.

Basi sikilizeni mwisho wa habari ya Poland. Wale waliotoka Moscow mikono mitupu hawakuuacha mchezo. Nchi yao ni ya baridi kama Ujerumani, kwa hiyo waliingia ukumbini. Walifundisha wasichana wao, na wasichana wakawafundisha wadogo zao. Na katika yale mashindano ya Poreč ya mwaka 2025, zile picha ulizoonyeshwa katika simu ya shemeji yako, wanawake waliochukua kombe la dunia ni wa Poland. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Kwa wanaume walishinda Wajerumani. Kama binti yako alikuonyesha wasichana wanaolia huku wanakumbatiana, huenda ndio hao.

Yawezekanaje nchi isiyo kubwa katika mchezo wa nje ishinde ndani? Mwanzoni nilidhani ni bahati, lakini bahati haiji mara nyingi katika nyumba ile ile. Tazama Austria. Nje ya ukumbi Austria si nchi ya kutajwa sana katika magongo. Ndani ya ukumbi wanaume wake waliwashinda Wajerumani mwaka 2018, tena mjini Berlin mbele ya watu wao, kwa ile mikwaju ya mmoja mmoja dhidi ya mlinda goli baada ya kutoka sare. Sababu moja ni hesabu tu. Kupata watu 11 walio bora sana ni kazi kubwa. Kupata sita, na wengine sita wa kuwapokea, shule moja yaweza, kijiji kimoja chaweza. Sababu nyingine ni kwamba sakafu haina mashimo wala vichuguu. Mpira huenda kule ulikotumwa. Kwa hiyo anayeshinda ni yule aliyejizoeza kusukuma mpira mara elfu, hata kama mwenzake ana mapaja makubwa zaidi.

Kuna mbinu moja niliyoiona ambayo ilinishangaza. Timu iliyo nyuma kwa goli moja, zikiwa zimebaki dakika tatu au nne, humtoa mlinda goli wake kabisa, na mahali pake huingia mchezaji wa kawaida. Sasa wana washambuliaji sita na goli lao liko wazi kama mlango wa ghala lililoibwa. Wakipoteza mpira, basi, adui ausukuma tu toka duarani na hakuna wa kuuzuia. Nimeona wasichana wakifanya hivyo bila kutetemeka. Mimi nilitetemeka kwa niaba yao.

Huku kwetu Afrika Mashariki mchezo wa magongo si mgeni, ingawa vijijini hatukuuona sana. Ulichezwa mijini, hasa na Wahindi, Masingasinga na Wagoa, na hao Wagoa wengi wao ni Wakatoliki kama sisi, walikuwa na vilabu vyao Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kenya ilipeleka timu ya wanaume Olimpiki toka mwaka 1956, na katika Kombe la Dunia la kwanza, lile la mwaka 1971 huko Barcelona, ilikuwa ya nne duniani. Ya nne! Nahodha Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hata 1972. Na kaskazini zaidi, Ethiopia, kuna mchezo wa kienyeji wa gongo lililopinda uitwao ganna, na jina hilo ndilo jina la Noeli yao. Wasema wachungaji wa Bethlehemu walipopata habari za kuzaliwa kwa Mkombozi waligeuza fimbo zao wakacheza kwa furaha. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini sijapata kusikia habari nzuri zaidi juu ya chanzo cha mchezo wowote.

Umeuliza pia, baba, na swali hili naliheshimu kuliko yote, kama msichana anayekimbizana na mpira atakuwa mama wa nyumba mwema baadaye. Sina mizani ya kupima hilo. Naweza kukuambia habari za nyumba moja tu. Katika Berlin kuna ukoo wa Keller. Babu, Erwin Keller, alipata medali ya fedha ya hoki katika Olimpiki ya mwaka 1936, hapo hapo mjini kwao. Mwanawe Carsten alipata dhahabu mwaka 1972 mjini Munich. Mwana wa Carsten, Andreas, alipata dhahabu Barcelona mwaka 1992. Kisha akaja binti, Natascha, akapata dhahabu Athens mwaka 2004. Na kitinda mimba Florian akapata yake Beijing mwaka 2008. Vizazi vitatu! Lakini tazama yule binti. Aliichezea nchi yake michezo zaidi ya 400, na mwaka 2012, michezo ya London ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyepewa bendera ya Ujerumani aitangulize mbele ya wanamichezo wote wa taifa. Babu na baba na kaka, wote mabingwa, lakini bendera aliishika binti. Nafikiri mzee Carsten, akiwa nyumbani au popote alipokuwa jioni ile, hakusema kwamba mchezo ni wa wanaume.

Najua utasema hao ni Wajerumani, wana viwanja na kumbi na fedha. Kweli. Binti yako ana bwalo la chakula lenye harufu ya maharage. Ila lile bwalo lina paa na sakafu ya saruji, na kwa mchezo huu huo ni mwanzo. Mbao za pembeni fundi seremala yeyote atazipasua. Magongo ndiyo ghali. Zamani yalichongwa kwa mti wa mforosadi, leo mengi ni ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa, na yale ya ndani ni membamba na mepesi kuliko ya nje. Kama shule ina ya nje tu, yatatosha kwa kujifunzia, lakini yana uzito na mikono ya wasichana huchoka mapema, kwa hiyo mwalimu asiwachezeshe muda mrefu.

Haya, karatasi ya ruhusa. Umeniuliza ningefanyaje. Mimi ningetia sahihi, lakini si leo. Kwanza ningepanda basi mpaka shuleni siku ya mazoezi, bila kutoa habari, nikaketi katika lile bwalo nikatazama. Ningetazama kama kila msichana ana kinga za ugoko na za meno, au kama wanaazimana. Kuazimana kinga za ugoko si neno, lakini kinga ya mdomo haiazimwi. Ningetazama kama mlinda goli ana kofia ya kweli. Kisha ningemwuliza mwalimu mambo ambayo wewe hukuyaandika katika barua yako, nami nimeshangaa kwamba hukuyaandika: huko mjini wasichana watalala wapi, nani mwalimu wa kike atakayelala nao, mlango utafungwa na nani, na akiumia mtoto usiku nani atampeleka hospitali na kwa gari gani. Hayo ndiyo mambo ya baba. Mpira tumwachie refa.

Na nenda na mama yake. Yeye ndiye aliyeuliza swali la maana juu ya meno, naye ana haki ya kuliona jibu kwa macho yake. Kama mwalimu akikosa majibu ya maswali yale, karatasi irudi bila sahihi, na binti aambiwe sababu ni ipi, asije akadhani kuwa ni kwa vile yeye ni msichana. Kama majibu yapo, basi.

Umesema nauli unayo. Kuhusu viatu, usinunue vile vya njumu, hivyo ni vya uwanjani na ndani atateleza navyo avunje mguu. Nunua raba za kawaida zenye soli bapa isiyoacha alama nyeusi sakafuni. Wenye kumbi za mjini huwafukuza watoto kwa sababu ya alama hizo, hata kabla mchezo haujaanza.